Maumivu ya Nyonga kwa Anayetumia Steroidi

SWALI: Shikamoo daktari. Nina umri wa miaka 34. Kwa miaka 3 natumia prednisoloni, dawa ya aina ya steroidi, kwa ajili ya ugonjwa wa lupasi, ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Nilianza na miligramu 40 kwa siku, sasa ni 10. Kwa miezi 2 kinena cha kulia kinauma, maumivu yanashuka hadi gotini, na kiatu cha mguu huo navalishwa na binti yangu. Eksirei imetoka safi. Mama mkwe ananihimiza niache vidonge. Nifanyeje?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Vidonge usiviache ghafla. Kwa muda wote huo tezi zilizo juu ya figo zako zimezoea kupumzika, na dawa ikikatwa mara moja presha inaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha, mbali na lupasi yenyewe kurudi kwa nguvu. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo, tena na daktari anayekutibu.

Hata hivyo, mama mkwe hakukosea kuishuku dawa. Kilichonishtua katika barua yako ni hicho kiatu. Anayetumia steroidi akishindwa kukunja nyonga hata kuufikia mguu wake, inatupasa kuhofia kwamba kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu, hali ambayo huua sehemu ya mfupa na, ikiachwa, huufanya ubonyee. Goti huwapotosha wengi: linachuliwa dawa kila jioni, kumbe chanzo kipo juu. Eksirei safi isikutulize, kwani mwanzoni haionyeshi kitu. Kipimo cha MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, ndicho hugundua mapema. Rudi kliniki wiki hii, uombe kipimo hicho kwa nyonga zote mbili, maana mara nyingi huathirika pamoja. Kwa sasa usibebe ndoo, na mkongojo ushike kwa mkono wa kushoto, upande usiouma.

Uliza pia kuhusu udhaifu wa mifupa kwa jumla, kwa kuwa steroidi huipunguza nguvu, hasa miezi 6 ya mwanzo, na kalsiamu pamoja na vitamini D zilistahili kuanza mapema. Dagaa wanaotafunwa na mifupa yao ni chakula kizuri kwa hilo, ingawa hawatoshi peke yao. Ukiandikiwa alendroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, mweleze kwanza daktari kama unatarajia kuzaa tena. Kisha uimeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze kwa nusu saa, kwa sababu huunguza koo la chakula.