Gari limelala nyuma? Usianze na kompresa

Maswali ya safari hii nimeyachagua ya jambo moja: wagoni, yaani magari yenye buti refu lililoungana na kabini, zinazobebwa na hewa nyuma. Yananijia mengi, na kinachoniuma ni kwamba wengi wanaouliza wameshatoa pesa kwanza. Nazungumzia zaidi BMW 5 Series Touring ya E61, iliyotengenezwa toka 2004 hadi 2010, na Mercedes-Benz E-Class ya S211 iliyokoma 2009. Nyuma hazina springi za chuma. Kila upande una puto la mpira, kompresa inalijaza, vali zinagawa hewa, na sensa za urefu zinaiambia kontroli boksi gari limekaa juu au chini kiasi gani. Puto hili si lile la usalama linalofumuka kwenye usukani. Ukienda dukani ukasema "eabegi" tu, usishangae ukiletewa kitu kingine.

Fundi, shikamoo. E61 yangu kila asubuhi naikuta imelala nyuma, nikiwasha inanyanyuka yenyewe. Fundi wangu anasema kompresa imekufa, niagize mpya. Ninunue? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba. Usinunue. Soma tena ulichoandika: ukiwasha, gari linanyanyuka. Limenyanyuliwa na nani? Na hiyo hiyo kompresa unayoambiwa imekufa. Ni nzima, ila inachoshwa. Usiku hewa inatoka, asubuhi inalazimika kujaza maputo matupu, kisha kutwa nzima inafidia kinachovuja. Iliundwa ifanye kazi dakika chache ipumzike. Ukiiacha hivyo miezi kadhaa itaungua kweli, na mpya utakayoifunga juu ya mpira uliopasuka itaungua vile vile.

Anza hivi. Jioni egesha kwenye sakafu iliyo sawa, gari likiwa limenyanyuka vizuri. Chukua futikamba, pima toka katikati ya ringi hadi ukingo wa fenda, kulia na kushoto, uandike. Chomoa fyuzi ya mfumo, kwa sababu kontroli boksi inaweza kuamka usiku ikajaribu kusawazisha, ukakosa kujua ni upande gani ulioshuka. Asubuhi pima tena kabla hujafungua mlango wowote. Ukishuka upande mmoja, shuku puto la upande huo au paipu yake. Zikishuka pande zote, ama maputo yote yamechoka, ama hewa inapotelea kwenye vali na viungio.

Kisha chukua chupa ya kupulizia, maji na sabuni ya kuoshea vyombo. Gari liwe limesimama kwa uzito wake, juu ya rampu au juu ya shimo la gereji. Ukilinyanyua kwa jeki magurudumu yakaning'inia, mkunjo wa mpira unakunjuka, presha inashuka, na ufa unaweza usijionyeshe. Pulizia sehemu ya chini, pale mpira unapojikunja kushuka juu ya kikombe chake, yaani kikalio kigumu cha chini. Hapo ndipo panapokatika, maana ndipo panapojikunja na kujikunjua kila tuta. Utaona nyufa nyembamba zimelizunguka puto kama mistari ya kiganja. Subiri. Usitegemee mapovu makubwa. Kwenye ufa mmojawapo litaanza kutoka povu jeupe, laini, linalokua polepole kama maziwa yanayokaribia kuchemka. Ukiliona hilo umempata mwizi wako. Usipoliona, hamia kwenye kiungio cha paipu na kwenye boksi la vali.

Fundi anayetaja kompresa kabla hajashika chupa ya sabuni, muulize amepima nini. Akikujibu kwamba haya magari anayajua, mshukuru uondoke.

Puto la kushoto ndilo linalovuja. Naweza kubadilisha hilo tu? (Morogoro)

Badilisha yote mawili. La kulia lilifungwa siku moja na la kushoto na limepita matuta yale yale.

Kaka, hapa Mombasa nimepata maputo mawili ya S211 yaliyotolewa kwenye gari lililokuja kutoka Uingereza. Bei ni robo ya mapya na kwa macho ni mazuri. Nichukue?

Yaache hapo hapo. Puto ni mpira, na mpira huzeeka hata likiwa limelala rafu. S211 ya mwisho ilitoka kiwandani 2009, kwa hiyo kama hayo maputo ni ya kiwanda, yamepita miaka 15. Tena likitolewa kwenye gari linakaa bila hewa, limejikunja ovyo, na mikunjo hiyo ndiyo itakayofumuka likijazwa. Ongeza na hili: Uingereza barabara hutiwa chumvi majira ya baridi, na chumvi inakula chuma kinachoubana mpira pamoja na bolti zote za chini. Muuzaji hana namna ya kuyapima bila gari. Atakuonyesha mpira umeng'aa, na kinachong'aa hapo ni mafuta aliyopaka.

Kompresa ya mtumba ningeikubali kwa shingo upande, nikiiona kwa macho yangu ikijaza gari. Puto la mtumba, kamwe. Sikulazimishi ununue lenye nembo ya kiwanda cha gari. Kuna watengenezaji wa pembeni wanaoeleweka, kama Arnott ya Marekani. Ninachokuomba usikubali ni lile lisilo na jina la mtengenezaji wala tarehe, ndani ya boksi jeupe, kwa maneno ya "hii ni OG bosi". Gari zima la nyuma, na familia iliyo ndani, limekalia vipande viwili vya mpira.

Fundi, nimefungiwa maputo mapya nyuma, yote mawili. Gari liliposhushwa kwenye jeki nikasikia mlio, moja limepasuka siku hiyo hiyo. Nimeuziwa feki? (Dodoma)

Pole sana. Huenda puto halikuwa na kosa. Puto jipya likiwa tupu ni kama soksi, halina umbo. Ukilishushia gari, mpira unabanwa kati ya bodi na kikombe, unakunjwa mahali usipotakiwa kukunjika, unachanika. Niliwahi kusimama kwenye gereji moja nikalishuhudia hilo. Vijana walifunga vizuri kabisa, bolti zote zimekazwa, wakafungulia jeki kwa pamoja kama wanavyofanya kwa springi. Gari lilikaa chini, likawashwa, hewa ikaanza kuingia, ukasikika mlio mwembamba kama wa tairi lililochomwa msumari. Mwenye gari alikuwa amesubiri spea wiki tatu. Alikaa kwenye benchi bila kusema neno.

Inavyotakiwa ni hivi. Gari libaki limeshikwa, gurudumu likiwa limening'inia au limegusa tu sakafu. Unganisha mashine ya kompyuta, agiza mfumo ujaze puto, na uwe unalitazama kwa tochi linavyojaa. Mkunjo wa chini lazima ujitengeneze sawasawa kuzunguka kikombe chote. Ukiona upande umeingia ndani au puto limejinyonga, simamisha, toa hewa, lipange upya. Likishajaa ndipo unalishusha gari, kidogo kidogo. Fundi asiye na mashine inayoongea na gari lako asiiguse kazi hii, hata kama ni hodari kwa injini.

Na kwa wote: gari likishalala kabisa, msiliendeshe "mpaka nyumbani tu". Mpira mtupu unasagwa, na tairi linakula fenda. Iteni breki dauni.

Fundi, Forester yangu imelala nyuma. Maputo yake yanauzwa wapi? (Arusha)

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na bado kila mwezi linarudi kwa maneno yale yale. Forester haina maputo. Haina kompresa wala paipu za hewa. Baadhi zina shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe: gari likitembea na kuyumba juu chini, shokapu inajipampu kwa ndani mpaka nyuma ikae sawa. Volvo V70 kadhaa nazo zina mtindo huo. Zikichoka, nyuma inalala, na hakuna cha kujaza. Una njia mbili tu: funga jozi ya aina ile ile, au funga shokapu za kawaida pamoja na springi ngumu zaidi. Ukibadilisha shokapu ukaacha springi zile zile, gari litaendelea kulala, maana springi hizo zilitengenezwa laini zikitegemea msaada wa shokapu. Kabla ya kuuliza bei ya kitu, inama uchungulie kama gari lako linacho.

Nikizima gari, kompresa inaendelea kuunguruma, wakati mwingine nusu saa. Nifanye nini? (Kigamboni)

Chomoa fyuzi yake leo, usingoje kesho. Mara nyingi ni rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima kompresa: kompresa iliyofanyishwa kazi kupita kiasi inavuta umeme mwingi, meno ya rilei yanaungana kwa joto na hayaachii tena. Itamaliza betri, itaungua, na kitu kinachoungua nyuma ya gari lililoegeshwa kando ya nyumba si cha kuchezea. Rilei ni ya bei ndogo. Kila unapobadilisha kompresa badilisha na rilei, na kwanza tafuta kinachovuja.

Fundi, nimechoka. Huku Mwanza mafundi wananiambia nitoe hewa yote nifunge springi za chuma kwenye E61, niishi kwa amani. Wewe unasemaje?

Nakuelewa, na sikukatazi. Mawazo haya si mapya. Mwaka 1957 Cadillac walitoa Eldorado Brougham yenye hewa magurudumu yote manne, ikawasumbua wenye magari, na wengi wakaing'oa wakafunga springi. Lakini nataka ujue unachokitoa.

Hewa iliwekwa nyuma ya wagoni kwa ajili ya mzigo. Chukua safari ya Desemba, watu wanakwenda Moshi kula sikukuu: watu watano, buti limejaa mpaka dirishani, gunia la mchele, zawadi za bibi. Gari la springi litainama nyuma, taa zitamulika miti, anayekuja mbele atapofuka, na matuta ya njiani yatakwangua tumbo la gari. Lenye maputo mazima linajipandisha, linakaa urefu ule ule kama lilivyokuwa tupu. Ukifunga springi laini, utainama ukipakia. Ukifunga ngumu, utarushwa ukiwa peke yako. Hakuna springi moja inayofanya kazi zote mbili.

Ukiamua kutoa, nunua seti kamili iliyotengenezwa kwa Touring hiyo hiyo, yenye vikalio vyake juu na chini, na kompyuta ielezwe kwamba hewa haipo, la sivyo taa ya onyo haitazimika. Usikubali springi za saluni ya E60, yaani 5 Series hiyo hiyo isiyo ya wagoni. Nyuma ya Touring haikuundwa kama ya saluni: kwenye saluni springi imeizunguka shokapu, kwenye Touring puto liko peke yake na shokapu peke yake. Na usikubali hata kidogo springi ya gari lingine iliyokatwa kwa grenda ikafungwa waya isitoke. Nimeziona zikiruka kwenye kikalio gari likiwa mwendoni. Huyo aliyeikata hatakuwa nawe kwenye kona.

Halafu nikuulize nawe: umechoshwa na hewa, au umechoshwa na kompresa tatu ulizofungiwa bila mtu kutafuta uvujaji? Barua nyingi za namna hii, nikiuliza historia, nakuta maputo ni yale yale ya kiwandani na hayajawahi kuguswa. Mpira uliodumu zaidi ya miaka kumi umefanya kazi yake kwa uaminifu. Ubadilishe kabla hujauhukumu mfumo mzima.

Upande mmoja uko juu, mwingine chini, na maputo nimeyapima kwa sabuni, hayavuji. (Tanga)

Angalia kijiti kinachounganisha sensa ya urefu na mkono wa gurudumu. Kikivunjika au kikichomoka, sensa inadanganya na kontroli boksi inatii. Ukibadilisha sensa, urefu lazima upangwe upya kwa kompyuta.

Nina vifaa na mashine, nataka kubadilisha maputo mwenyewe nyumbani. Kuna la kuzingatia? (Mbeya)

Lipo, na ndilo ninalotaka lisomwe na vijana wote wa gereji bubu. Gari la hewa linaweza kushuka lenyewe. Paipu ikichomoka au vali ikifunguka, nafasi kati ya tairi na fenda inapotea mara moja, na mkono ulioko pale unabaki pale. Usiingize mkono wala kichwa mpaka gari limekaa juu ya stendi mbili imara, kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi, na tofali si stendi. Kaba magurudumu ya mbele.

Toa hewa kwanza kwa mashine, kisha ndipo ulegeze paipu, polepole, ukiwa umevaa miwani, kwa sababu hewa ya mle ndani imebanwa kuliko ya tairi. Chomoa fyuzi, uiweke mfukoni mwako na si kwenye dashibodi. Kufungua mlango au buti kunaweza kuuamsha mfumo wakati wewe uko chini, kwa hiyo watoto wasilikaribie gari hilo mpaka umemaliza na umetoka.