Mdogo wangu, kutambulika huku sio kama mnavyosikia huko Mwanga, Kigoma

Mwakeye mdogo wangu. Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ile unayosema hapo Kigoma mnaambiwa Ujerumani wanalilia manesi, vyeti vyetu wanavitambua, ukishuka tu ndege unavaa yunifomu, halafu ukaniuliza mbona mimi naogesha wazee, kwani dada umefeli nini. Imeniuma, sikufichi.

Sijafeli. Huku kuna kitu kinaitwa Anerkennung, ndo huko kutambuliwa kwenyewe, na mpaka jimbo likupe hiyo karatasi wewe sio nesi, ni msaidizi. Diploma yangu ya miaka 3, leseni ya baraza la wauguzi ninayo, miaka 6 wodi ya watoto, mtoto analetwa na degedege saa nane usiku mshipa hauonekani na mimi naupata. Wakapokea makaratasi wakanirudishia barua ya mapungufu, masaa ya somo hili hayatoshi, ya lile hayajaandikwa kabisa, chagua kozi ya kufidia au mtihani. Na Kijerumani cha kiwango cha B2 juu yake, yaani cha kuongea bila kukwama sana. Mtihani wangu bado, na beji ya kifuani imeandikwa Pflegehelferin, yaani msaidizi wa nesi.

Kuogesha sikuonei aibu tena. Kwetu mgonjwa anaogeshwa na ndugu, mama mtu analala chini pembeni ya kitanda na beseni lake, huku hata nesi mwenye karatasi zote anaogesha. Kinachonichoma ni kanula, ile ya kuingiza dripu mshipani, maana hapa kazini anaweka daktari. Juzi daktari kijana kamchoma bibi mara ya tatu, mkono umeshavimba, mshipa mimi nauona ule pale karibu na kidole gumba, na nimeshika bakuli tu nimenyamaza. Nilienda kulia chooni.

Neno hilohilo, Anerkennung, Wajerumani wanalitumia pia kwa kumpa mtu heshima ya kazi yake. Hiyo ninayo, yule bibi kila nikimgeuza ananishika mkono anasema asante. Ya karatasi ndo sina, na mshahara unafuata karatasi. Na nyinyi nyumbani mnanitambua siku hela imeingia, mwezi wa tatu sikutuma, aliyenijulia hali ni mama peke yake.

Kwa hiyo usije. Wodi ile umebaki wewe na nani? Mimi ndo nilianza kuondoka, na hilo linaninyima usingizi kuliko baridi.

Ila najua utakuja. Basi anza Kijerumani leo, wakala usimpe hata shilingi kabla hujaona mkataba, cheti orijino usimwachie mtu, hata akija na mchungaji. Nenda chuoni wakuandikie masaa ya kila somo, nadharia mbali vitendo mbali, wakikuzungusha kaa hapohapo ofisini mpaka waandike. Na transkripti yako ipige picha unitumie leo usiku, nione waliandikaje.