Jibu: injini inashindwa kupanda ngazi ya juu

Habari ndugu, nimesoma swali lako, kwamba kwenye reli yako ya treni ndogo za mfano ngazi mbili (ya chini na ya juu) zimeachana kimo cha sm 40, umeweka njia ya kupanda mita 5 pembeni ya ukuta na injini ikivuta mabehewa nane inafika katikati magurudumu yanazunguka tu palepale. Kabla hujailaumu injini piga hesabu, sm 40 kwa mita 5 ni asilimia 8, hapo hata injini nzito inachoka. Ukitaka asilimia 2 unahitaji mita 20 na chumba cha kupanga hapa Kampala nani anazo hizo?

Mimi nilizungusha reli kama skrubu. Kwa HO (treni za mfano za kipimo cha 1:87), nusu kipenyo sm 60, kila mzunguko unapanda sm 10, inatoka kama asilimia 2.7 hivi, mizunguko minne umefika juu. Plaiwudi ya mm 12 inatosha, ukitumia nene inakula nafasi ya behewa kupita chini. Fundi aikate vipande vya mviringo, na vishikilie kwa vyuma vyenye nyuzi na nati juu na chini ya plaiwudi, maana kurekebisha kimo ni kugeuza nati tu.

Mpando unapoanzia na unapoishia usibadili mwinuko ghafla, mabehewa yataachiana. Yale mepesi yaweke nyuma, yakiwa mbele yanavutwa ndani ya kona yanaanguka. Na umeme uunge waya kila mzunguko, usitegemee viungio vya reli pekee.

Kama yako ni N (kipimo kidogo kuliko HO) vipimo hivi achana navyo, mi ni wa HO tu.