Reli kwenye kanga: kutaja ni kimoja, kuhusu ni kingine

Habari za jioni wana jukwaa. Mleta uzi anaunda ontolojia ya nyaraka za mji wake, yaani mpangilio unaoieleza kompyuta kuna vitu gani na vinahusianaje. Ameshaingiza rekodi kama elfu mbili, na kila kilichomo ndani ya waraka amekiunganisha kwa uhusiano mmoja tu, "inarejelea". Anauliza kama kuna haja ya kuongeza "inahusu", au ni kujitwisha kazi bure.

Mkuu, haja ipo, tena usiichelewe. Nitakueleza kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Miaka michache nyuma hapa Tanga tulikuwa watu wanne, tukipita kwa ndugu na majirani wa Ngamiani na Chumbageni kukusanya vitu vya nyumbani: barua za zamani, nyingine kwa hati ya Kiarabu, picha za harusi, daftari za tenzi, na kanga. Tulipiga picha, tukasoma, tukaingiza kwenye kanzidata. Muundo niliusimamia mimi, na nilifanya vilevile ulivyofanya wewe. Jina likionekana kwenye waraka, naunganisha, nasonga mbele.

Siku moja mwalimu wa historia akaomba nyaraka zinazohusu reli ya Tanga, ile iliyoanza kujengwa mwaka 1893 kuelekea Usambara. Nikaandika swali la SPARQL, lugha ya kuulizia kanzidata za namna hii, likarudisha rundo. Humo mlikuwa na barua ya baba mmoja anayemwarifu mkewe kwamba atafika Jumamosi kwa treni, lakini barua yenyewe ni ya mahari ya binti yao. Mlikuwa na picha ya harusi ambayo nyuma ya bwana harusi linaonekana behewa. Na mlikuwa na kanga yenye jina "Wembamba wa reli, garimoshi hupita". Mwalimu alipekua mchana kutwa, akaambulia barua mbili za kweli, za karani wa stesheni aliyekuwa akilalamikia zamu. Iliniuma sana. Tulimwahidi msaada, tukampa mzigo.

Tangu hapo nikaanza kusikiliza watu wanavyosema. Mtu akikuuliza, "Ile barua ilikuwa ya nini?", humsomei majina yote yaliyomo. Unamjibu "ya mahari", basi. Tunasema barua ya mahari, utenzi wa vita, hotuba ya msiba. Hiyo "ya" ndogo ndiyo inayobeba kuhusu. Kutaja kuna kitenzi chake na kuna mahali pake: naweza kukuwekea kidole kwenye mstari, nikakwambia hapa ametaja treni. Wasomaji wawili hawatagombana juu ya hilo. Juu ya kuhusu wanaweza kugombana na wote wakawa na hoja, kwa sababu pale mtu anauhukumu waraka mzima.

Iko tofauti nyingine ambayo ilinigharimu wiki mbili. Kutaja kunapanda kutoka sehemu kwenda kwenye kizima: aya ikiitaja reli, barua nzima imeitaja reli. Kuhusu hakupandi. Aya ya tatu ya ile barua inahusu safari, lakini barua inahusu mahari. Mimi nilikuwa nimeandika kanuni moja ya kupandisha vyote, na kila nilipoondoa kosa kwa mkono, kanuni ililirudisha.

Kwenye tenzi ndiko mambo yalikozidi. Utenzi wa jadi hufungua kwa Bismillahi, ukamsifu Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume, ndipo mtunzi aingie kwenye habari yake. Ukichukua kila kinachotajwa kuwa ndiyo mada, tenzi zote za pwani zinakuwa na mada moja, na anayetafuta utenzi wa vita hataupata. Wakutubi walilikabili hili zamani. Mwongozo wa Maktaba ya Bunge ya Marekani unataka jambo lipewe kichwa cha mada pale tu linapochukua angalau asilimia 20 ya kazi. Kwa barua na tenzi kipimo hiki kilitufaa sana. Kwenye kanga kiligonga mwamba, nitafika huko.

Kwanza nikuonye juu ya ontolojia zilizopo, maana najua utataka kuazima badala ya kuunda yako, na ni uamuzi mzuri. CIDOC CRM, ile ya makumbusho iliyo kiwango cha ISO 21127, ina P67 kwa kurejelea na P129 kwa kuhusu. Humo kurejelea ndiye mama na kuhusu ni mtoto: ukisema waraka unahusu kitu, programu ya hitimisho, ile inayotoa taarifa mpya kutokana na kanuni za ontolojia, inaongeza yenyewe kwamba unakirejelea, na P129 imehifadhiwa kwa mada kuu tu. Sasa geukia IAO, ontolojia ya vitu vya habari inayotumiwa sana na watu wa biolojia na tiba. Huko mama ni kuhusu, IAO_0000136, na kuashiria, IAO_0000219, yaani kipande cha habari kilichoundwa kwa makusudi ya kukirejelea kitu fulani, ni mtoto wake. Mpangilio umepinduka. Wala hakuna aliyekosea, kwa sababu IAO inatumia kuhusu kwa maana pana kabisa, mguso wowote kati ya habari na ulimwengu, na CRM inakusudia kiini cha habari.

Balaa linakuja ukizichanganya. Sisi tulizichanganya, kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa na orodha ya dawa za miti shamba iliyojengwa juu ya IAO. Nikatangaza kuhusu ya huku ni sawa na kuhusu ya kule, na kurejelea ni sawa na kuashiria. Majina yalifanana, nikaridhika. Sasa fuata mnyororo: kwa CRM kila kinachohusu kinarejelea, kwa IAO kila kinachorejelea kinahusu. Mahusiano mawili, kila moja ndani ya mwenzake, yamekuwa moja. Tofauti yote niliyoihangaikia ikafutika kwa mistari miwili, wala programu haikulalamika, kwa sababu kimantiki hakuna mgongano wowote. Ile barua ya mahari ikarudi kwenye reli. Kwa hiyo ukioanisha, soma maelezo ya kila uhusiano mpaka mwisho na utazame nani mama nani mtoto. Usiamini jina.

Turudi kwenye kanga. Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye kanga yake ndiyo iliyoingia kwenye rundo la reli. Nikamwamkia, nikamuuliza ile kanga inahusu nini. Akanijibu, "Mwanangu, inategemea nimeivaa siku gani na nani anapita." Aliivaa kwanza kwa ajili ya mtu aliyekuwa akimsimanga kwa wembamba wake. Miaka mingi baadaye alimpa binti yake doti ileile kama zawadi tu, bila kumkusudia mtu.

Jina la kanga linataja reli na garimoshi. Yule msimangaji hamo hata kwa herufi moja, asilimia yake ni sifuri, na bado mtaa mzima ulijua anasemwa yeye. Fumbo liko hivyo, linahusu bila kutaja. Ukiweka P129 kati ya maneno ya kanga na yule mtu, umeongopa mara mbili: maneno hayo yamechapwa kwenye doti nyingi ambazo hazimjui, na uhusiano mama unakuja kudai kwamba yamemrejelea.

Tulichofanya ni hiki. Maneno ya kanga yakabaki na kutaja tu, kwa uhusiano wetu wenyewe tuliouita "inataja kwa maneno", uliokaa chini ya P67 pembeni ya P129, ili mtu asidhani kila P67 ni neno lililoandikwa. Siku ya kuivaa tukaiwekea tukio lake, na ujumbe wa siku ile ukawa kitu kinachojitegemea chenye mada yake. Kila dai la kuhusu tukaliandika kwa E13, aina ya rekodi ya CRM inayoeleza nani amelitoa na lini. Kwa hiyo imeandikwa kwamba mwenye kanga ndiye aliyesema hivyo, wala si sisi. Jina la msimangaji hatukuliingiza kabisa, shangazi alitusihi na alikuwa na haki.

Kuhusu rekodi zako elfu mbili: usizifute, na usipandishe hata moja kuwa "inahusu" kwa programu. Ziite zote kutaja, maana hilo kwa vyovyote ni kweli. Kisha kaa na mtu anayezijua nyaraka, mmoja asome na mwingine aandike, na kwa kila waraka ulizeni lile swali la nyumbani, "Hii ni ya nini?" Sisi tulimaliza nyaraka thelathini mpaka arobaini kwa jioni moja. Ambazo hamkubaliani, ama andikeni madai yote mawili kila moja na mwenyewe, ama muuacheni waraka bila mada mpaka apatikane anayeujua.