Je, ni dhambi kusoma riwaya ya Mfalme Hezekia?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimesoma riwaya ya maisha ya Mfalme Hezekia, nikailia. Lakini mkewe Hefsiba anasema mengi yasiyo kwenye Biblia, na mfalme anapougua, mwanawe mdogo Manase yupo kitandani amemshika mkono. Je, mwandishi hajaangukia onyo la Ufunuo 22:18?

JIBU: Amina, dada mpendwa. Onyo lile ni la anayeongeza kwenye unabii wa kitabu kile. Anayekwambia wazi kwamba anasimulia hadithi hajafanya hivyo. Nabii Nathani alipotumwa kwa Mfalme Daudi alianza na hadithi ya maskini na mwana-kondoo wake mmoja, na ndiyo iliyomnasa mfalme.

Huyo Hefsiba, Wafalme inamtaja mara moja tu, kama mama yake Manase (2 Wafalme 21:1). Mwandishi akimpa machozi, simlaumu. Hata mfereji wa Hezekia umeguswa kwa maneno machache (20:20). Lakini maandishi yaliyokutwa mwaka 1880, yakiwa yamechongwa kwenye ukuta wa mfereji huo, uitwao pia wa Siloamu, yanaeleza kwamba wachimbaji walianza pande mbili, na zilipobaki dhiraa tatu ikasikika sauti ya mtu akimwita mwenzake ndani ya mwamba. Nami kila nikisoma mstari ule huisikia sauti hiyo. Riwaya ikikusikilizisha hivyo, imekufaa.

Kwa Manase, hapana, hapo sikubaliani na mwandishi. Hezekia aliongezewa miaka 15, na Manase alitawazwa akiwa na miaka 12. Ukihesabu miaka hiyo jinsi ilivyoandikwa, mtoto alizaliwa baada ya ugonjwa ule. Na si jambo dogo, dada yangu! Mtu anageuza uso ukutani, analia sana, anapewa maisha, wanamwekea mkate wa tini juu ya jipu. Kisha ndani ya miaka ile ya kuombewa kwa machozi anazaliwa mfalme atakayempitisha mwanawe motoni na kuijaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Ukimweka Manase kitandani, uchungu huo wote unapotea, na Maandiko yalikuwa yamekwisha kusema.

Basi isome tena, ila 2 Wafalme 18 hadi 21 iwe wazi pembeni, na penseli mkononi. Anzia usiku ule wa ugonjwa.