Anaharisha, mbona hakupewa antibayotiki?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa miezi 14 alitapika usiku kucha, kisha akaharisha maji matupu. Tulimkimbiza hospitali, akapewa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki tu. Chanjo ya rota alishapata. Kimempata nini? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Kutapika kwanza, halafu choo cha majimaji kisicho na damu, mara nyingi ni virusi: rota, noro au adeno. Antibayotiki haiui virusi, na yenyewe huweza kuzidisha kuhara. Chanjo ya rota hupunguza makali ya rota, noro haiigusi. Choo kikiwa na damu tunashuku bakteria, hasa shigela, na hapo antibayotiki ina kazi.

Wengi hukosea kwenye ORS. Pakiti ya lita 1 inamiminwa kwenye glasi moja "iwe kali", chumvi inazidi, mtoto anadhurika badala ya kupona. Soma pakiti (zipo pia za nusu lita), pima kwa chupa ya maji ya dukani, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Ikipita saa 24, mwaga. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kila dakika 2 au 3. Ziwa asikatishwe. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Kujua kama amepungukiwa maji mwilini, finya ngozi ya tumbo uachie. Ikirudi polepole, macho yamebonyea, au anakataa kunywa, mrudisheni hospitali usiku huohuo.