Maswali ya Kamera: Lenzi ya filamu kubwa, sensa ndogo

SWALI: Shikamoo mama. Marehemu mjomba aliniachia kamera yake ya filamu, Mamiya M645, na lenzi yake ya 80mm f/2.8. Filamu za namba 120 huku sizipati, na harusi zangu napiga kwa Canon EOS 80D. Jamaa wananiambia nikinunua adapta ya kuifunga lenzi hiyo kwenye Canon nitapata ule uzito wa picha za filamu kubwa. Wengine wanasema lenzi za Mamiya zina hesabu yake, kwa hiyo kwenye Canon itageuka 50mm. Nani nimsikilize?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mjomba. Usimsikilize yeyote kati yao. Milimita 80 ni milimita 80, lenzi iwe ilitengenezwa kwa filamu au kwa sensa, kile kibao kinachonasa picha ndani ya kamera ya dijitali. Kinachobadilika ni kipande cha picha unachokichukua. Fremu ya Mamiya hiyo ni milimita 56 kwa 41.5, na sensa yako ni 22.5 kwa 15. Yaani unachukua sehemu moja tu kati ya saba, ile ya katikati. Ndiyo maana lenzi iliyokuwa ya kawaida kwa mjomba, kwako itabana kama 128mm kwenye kamera ya fulu fremu (yenye sensa ya milimita 36 kwa 24), sawasawa na lenzi yoyote ya 80mm ungeifunga hapo. Ule uzito unaosimuliwa ulitokana na ukubwa wa filamu, nao hauhami na lenzi.

Hata hivyo adapta nunua, tena bila kusita. Lenzi ya Mamiya hukaa milimita 63.3 kutoka kwenye filamu, na ya Canon milimita 44 kutoka kwenye sensa. Adapta ni bomba la chuma la kujaza hizo milimita 19.3 zilizobaki, halina kioo ndani, na vitu vya mbali kabisa utavilenga vizuri. Kabla ya kulipa, ifunge kwenye kamera uitikise. Ikicheza, mwachie mwenyewe.

Sasa shika lenzi mkononi utazame ubavuni. Kuna swichi ndogo yenye herufi A na M. Iweke M. Ikibaki A, utazungusha pete ya apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, hadi f/11 na yale majani ya ndani hayatajongea hata kidogo, kisha utailaumu kamera. Canon itakuonyesha 00 mahali pa apacha, usishtuke. Lenzi hii haina chipu ya kuzungumza nayo.

Kwa bibi harusi aliyetulia kitini, mimi hufanya hivi: nafungua hadi f/2.8, nawasha skrini ya nyuma, nakuza mara 10 juu ya kope za jicho lililo karibu nami, nalenga polepole hadi kope moja moja zihesabike, nafunga hadi f/4, napiga. Lenzi hizi hazina ukali wa weusi na weupe kama za leo, na kwa ngozi yetu chini ya taa za ukumbini naupenda sana upole huo. Kivuli cha shavu kinabaki na rangi yake, hakizami. Lakini maharusi wakianza kuingia ukumbini, rudisha lenzi yako ya kujilenga yenyewe. Hapo hakuna muda wa kuhesabu kope.

Jambo jingine, tafuta kofia ndefu ya lenzi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni. Kioo hiki kinamwaga duara la mwanga pana kuliko sensa yako. Unaozidi unagonga kuta za ndani ya kamera, unarudi na kuififisha picha.

SWALI: Mama, nina lenzi ya Flektogon 50mm f/4 ya kamera ya filamu ya Pentacon Six, na kamera ya Sony ya fulu fremu. Nataka kupiga majengo ya Mji Mkongwe bila kuta kuinama. Inawezekana?
Msomaji, Unguja

JIBU: Hapo sasa ndipo lenzi hizi zinapotoa faida ambayo ya kawaida haina. Duara lake linafunika fremu ya 56 kwa 56, kwa hiyo nunua adapta ya kutelezesha, inayoisogeza lenzi juu huku kamera ikibaki imenyooka. Chukua jengo la mita 15. Simama mita 22 kutoka ukutani, kamera imegeuzwa kwa picha ya wima juu ya stendi kwenye usawa wa kifua, utelezeshe lenzi kama milimita 14. Jengo lote litaingia na nguzo zitasimama wima, na pembe za picha bado zitakuwa ndani ya duara. Lenzi ya kawaida ya fulu fremu ingeshakuachia pembe nyeusi.

Ila mita 22 utazipata Mizingani, ukilitazama jengo la zahanati ya zamani na roshani zake za mbao kutoka upande wa bahari. Kwenye vichochoro vya ndani huna pa kurudi nyuma. Huko 50mm ni ndefu mno, na adapta haitaifupisha. Kwa vichochoro tumia lenzi pana, na hii iweke kwa milango. Jinsi nakshi zinavyotoka nayo saa kumi jioni, jua likipiga kwa ubavu, utafurahi mwenyewe.